Kuifanya kompyuta ya Linux iingie yenyewe kwenye hifadhi ya mtandao inapowaka: mwongozo kamili

Umeme unapokatika usiku na kurudi alfajiri, vifaa vya ofisi haviamki kwa pamoja. Kompyuta yenye diski ya SSD hufika kwenye skrini ya kuingilia katika muda mfupi sana. Ruta huhitaji muda zaidi kabla ya kuanza kugawa anwani. Na kisanduku cha hifadhi ya mtandao, kile ambacho mafundi hukiita NAS, huwa cha mwisho, kwa sababu ni lazima kizungushe diski zake, kikague mfumo wake wa mafaili, ndipo kifungue mlango kwa wengine. Katika pengo hilo la dakika chache ndimo mnamozaliwa matatizo mengi ya hifadhi ya mtandao, na mengi ya matatizo hayo hayana uhusiano wowote na nenosiri.

Nililiona jambo hili kwa karibu katika ofisi moja ndogo ya mahesabu. Kompyuta ya karani ilikuwa imewekwa iingie yenyewe kwenye hifadhi kila inapowaka, na kwa miezi kadhaa ilifanya hivyo bila tatizo. Siku moja iliwaka kabla ya NAS kuwa tayari, ikajaribu mara moja, ikashindwa, ikaendelea na shughuli zake kimya kimya. Karani alifungua folda yake ya kila siku, akaikuta tupu, akadhani mtu amehamisha mafaili, akaendelea kuhifadhi stakabadhi humo kwa siku tatu. Siku ya nne kompyuta ilizimwa na kuwashwa, safari hii hifadhi ikapatikana, na stakabadhi zote za siku tatu zikatoweka machoni. Hazikuwa zimefutwa: zilikuwa kwenye diski ya kompyuta yenyewe, zimefunikwa na folda ya mtandao iliyopachikwa juu yake. Tulizipata kwa kuibandua folda ya mtandao na kutazama kilicho chini, lakini hofu iliyompata yule karani asubuhi ile haikustahili kumpata mtu yeyote.

Kwa hiyo mwongozo huu unalenga mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza ni kompyuta kuingia yenyewe kwenye hifadhi bila mtu kuandika nenosiri. La pili, ambalo maelekezo mengi hulipita juu juu, ni kompyuta kukataa waziwazi pale hifadhi isipokuwapo, badala ya kuonyesha folda tupu inayofanana na ile ya kweli. Nitatumia Ubuntu na Debian, kwa sababu ndizo ninazozihudumia kila siku, na itifaki ya SMB, yaani utaratibu wa kushirikiana mafaili kupitia mtandao, ambayo karibu kila kisanduku cha NAS na kila kompyuta ya Windows huielewa. Mwishoni nitagusa NFS, itifaki nyingine ya kazi hiyo hiyo, na Windows kwa ufupi.

Hatua ya 1: Anwani isiyobadilika na akaunti ya pekee

Anza kwenye ruta, si kwenye kompyuta. Hifadhi ikipewa anwani mpya kila inapowaka, mipangilio yote utakayoandika baadaye itaelekeza pasipo na kitu. Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta, tafuta sehemu ya DHCP, inayogawa anwani kwa vifaa, uitengee NAS anwani moja ya kudumu kwa kutumia namba ya MAC ya kadi yake ya mtandao. Katika mifano yote hapa chini anwani hiyo itakuwa 192.168.1.50, na folda inayoshirikiwa itaitwa `nyaraka`.

Kisha ingia kwenye NAS yenyewe na utengeneze akaunti mpya kwa ajili ya kompyuta hii. Nitaiita `ofisi1`. Usitumie akaunti ya msimamizi hata kama inaonekana kuwa njia ya mkato, kwa sababu nenosiri la akaunti hii litaandikwa ndani ya faili kwenye diski, na yeyote atakayeiba kompyuta anaweza kulisoma. Akaunti ya `ofisi1` iwe na ruhusa ya kusoma na kuandika katika folda ya `nyaraka` peke yake. Ofisi ikiwa na kompyuta 4, tengeneza akaunti 4: moja ikipotea unaifunga hiyo peke yake, na wengine wanaendelea na kazi.

Hatua ya 2: Kusakinisha programu na kujaribu mlango

Fungua terminali na usakinishe vifurushi viwili:

```
sudo apt update
sudo apt install cifs-utils smbclient
```

Kifurushi cha `cifs-utils` ndicho kinachoipa amri ya `mount` uwezo wa kuwasiliana na folda za SMB, na `smbclient` ni chombo cha kujaribia. Jina la SMB lina historia ndefu: itifaki ilianza kuundwa katika kampuni ya IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Andrew Tridgell alipoandika programu huria ya kuitumia kwenye Unix huko Australia, aliipa jina la Samba kwa kutafuta katika kamusi neno lenye herufi S, M na B kwa mfuatano huo. Ndiyo maana NAS nyingi ndogo, ambazo ndani yake ni Linux, huendesha Samba bila mmiliki kujua.

Sasa uliza hifadhi ina folda zipi:

```
smbclient -L //192.168.1.50 -U ofisi1
```

Itakuomba nenosiri, kisha itaorodhesha folda zinazoshirikiwa. Angalia jina la folda kama lilivyoandikwa katika orodha hiyo, kwa sababu mara nyingi jina linaloonekana kwenye ukurasa wa NAS ni maelezo tu, na jina halisi ni jingine. Halafu hakikisha kwamba akaunti inaweza kuingia ndani:

```
smbclient //192.168.1.50/nyaraka -U ofisi1 -c 'ls'
```

Usivuke hatua hii kabla haijakubali. Nimeona watu wakihangaika saa nzima na faili la mipangilio, kumbe akaunti haikuwa imepewa ruhusa kwenye NAS tangu mwanzo.

Hatua ya 3: Mahali pa kupachikia, na kufuli lake

Katika Linux hifadhi ya mtandao haipewi herufi kama ilivyo katika Windows. Hupachikwa juu ya folda iliyopo kwenye kompyuta, na tangu hapo yeyote anayefungua folda hiyo huona mafaili ya mtandao badala ya yale ya diski. Tengeneza folda hiyo:

```
sudo mkdir -p /mnt/nyaraka
```

Kabla ya kupachika chochote, ifunge:

```
sudo chattr +i /mnt/nyaraka
```

Amri hii ya pili ndiyo ambayo ingemwokoa yule karani. Huiwekea folda tupu alama ya kutobadilika, kiasi kwamba hata `root`, mtumiaji mkuu wa mfumo, hawezi kutengeneza faili ndani yake. Haizuii kupachika: hifadhi ikipachikwa juu yake, unaandika kama kawaida, maana unaandika kwenye NAS. Lakini hifadhi isipokuwapo, jaribio lolote la kuhifadhi faili hapo hukataliwa papo hapo. Inafanya kazi kwenye mfumo wa mafaili wa ext4, ambao ndio wa kawaida katika Ubuntu na Debian. Ukihitaji kuifungua baadaye, tumia `chattr -i`, na kumbuka kuibandua hifadhi kwanza.

Hatua ya 4: Faili la siri

Kompyuta itakapowaka hakutakuwa na mtu wa kuandika nenosiri, hivyo ni lazima liwe limeandikwa mahali. Si busara kuliandika moja kwa moja katika faili la `/etc/fstab`, kwa kuwa faili hilo husomwa na kila mtumiaji wa kompyuta. Vilevile usiliandike ndani ya amri kwenye terminali, kwa sababu litabaki katika kumbukumbu ya amri zako. Tengeneza faili tupu ambalo tangu kuzaliwa kwake linasomwa na `root` peke yake:

```
sudo install -m 600 -o root -g root /dev/null /etc/siri-nyaraka
sudo nano /etc/siri-nyaraka
```

Ndani yake andika mistari miwili:

```
username=ofisi1
password=WekaNenosiriHalisiHapa
```

Usiache nafasi kabla wala baada ya alama ya usawa, usizungushie nenosiri alama za kunukuu, na usiongeze maelezo yoyote mwisho wa mstari. Kama ofisi yako inatumia domeni ya Windows, ongeza mstari wa tatu wa `domain=` ukifuatiwa na jina la domeni; nyumbani na katika ofisi ndogo mstari huo hauhitajiki. Ukimaliza, hakiki ruhusa kwa `ls -l /etc/siri-nyaraka`: mwanzo wa mstari lazima usomeke `-rw-------`.

Niseme wazi kwamba ruhusa hizi hazilifichi nenosiri dhidi ya mtu aliyeichukua kompyuta yenyewe. Anaweza kuitoa diski, akaichomeka kwenye kompyuta nyingine na kulisoma faili. Kinga ya hatari hiyo ni kusimba diski nzima wakati wa kusakinisha mfumo, na kwa kompyuta za mkononi ninalipendekeza jambo hilo kwa moyo wote. Diski iliyosimbwa itamtaka mtu aandike nenosiri la diski kila kompyuta inapowaka, kwa hiyo haifai kwa mashine inayotakiwa kuamka peke yake baada ya umeme kurudi. Hapo ndipo thamani ya akaunti yenye ruhusa finyu, ile ya hatua ya kwanza, inapoonekana.

Hatua ya 5: Jaribio la mkono

Kabla ya kuikabidhi kompyuta kazi hii, ifanye mwenyewe mara moja. Pata kwanza namba za mtumiaji na kundi lake kwa amri ya `id`. Katika Ubuntu mtumiaji wa kwanza huwa 1000 na kundi lake 1000. Kisha:

```
sudo mount -t cifs //192.168.1.50/nyaraka /mnt/nyaraka -o credentials=/etc/siri-nyaraka,uid=1000,gid=1000
```

Amri ikikaa kimya, imefaulu. Tengeneza faili dogo ndani ya folda, lifute, kisha ubandue kwa `sudo umount /mnt/nyaraka`.

Isipofaulu, soma namba ya kosa kwenye mabano, kwa maana kila namba ina maana yake. Kosa namba 13 ni ruhusa kukataliwa: jina, nenosiri au haki za akaunti si sahihi. Kosa namba 2 huashiria kwamba seva imepatikana lakini folda haipo kwa jina uliloandika. Kosa namba 113 ni kukosekana kwa njia ya kufika kwenye anwani hiyo, kwa hiyo kagua kebo, Wi-Fi na anwani yenyewe. Ujumbe unaotaja `wrong fs type` kwa kawaida humaanisha kwamba `cifs-utils` haijasakinishwa.

Kosa namba 112 linahitaji maelezo zaidi, kwa sababu husema kwamba seva imezimika hata pale ambapo inawaka mbele ya macho yako. Mara nyingi chanzo chake ni kutoelewana kuhusu toleo la itifaki. Tangu keneli (kiini cha mfumo) ya Linux 4.13, iliyotoka mwaka 2017, toleo la kwanza la SMB halitumiki tena kama chaguo la kawaida, na NAS za zamani ambazo hazijui toleo jingine hushindwa kuitikia. Utashauriwa kuongeza `vers=1.0` ili mambo yaende. Yataenda kweli, lakini mimi nakusihi usifanye hivyo. Mwezi Mei 2017 virusi vya WannaCry vilisambaa duniani kwa kupitia udhaifu uliokuwa katika utekelezaji wa toleo hilo ndani ya Windows, na zaidi ya hapo toleo lenyewe halisimbi mawasiliano. Ingia kwanza kwenye mipangilio ya NAS, usasishe programu yake, na utafute mahali pa kuruhusu SMB2 na SMB3; visanduku vingi vinavyoonekana vya kale vina uwezo huo ila umezimwa.

Hatua ya 6: Mstari wa fstab

Faili la `/etc/fstab` ndilo orodha ambayo mfumo huisoma unapowaka ili kujua nini kipachikwe wapi. Ni faili lenye uzito, kwa kuwa ukiharibu kwa bahati mbaya mstari wa diski ya ndani, kompyuta inaweza kugoma kuwaka kikamilifu na kukutupa kwenye hali ya dharura. Weka nakala kwanza:

```
sudo cp /etc/fstab /etc/fstab.nakala
sudo nano /etc/fstab
```

Nenda mwisho wa faili, usiguse kilichopo, kisha uongeze mstari mmoja, wote bila kukata katikati:

```
//192.168.1.50/nyaraka /mnt/nyaraka cifs credentials=/etc/siri-nyaraka,uid=1000,gid=1000,file_mode=0660,dir_mode=0770,iocharset=utf8,_netdev,nofail,x-systemd.automount,x-systemd.mount-timeout=30 0 0
```

Mstari una sehemu sita zilizotenganishwa kwa nafasi: chanzo, mahali pa kupachikia, aina, machaguo, na sifuri mbili zinazoueleza mfumo kwamba hifadhi hii haihitaji kunakiliwa na `dump` wala kukaguliwa wakati wa kuwaka. Kwa kuwa nafasi ndiyo mpaka kati ya sehemu, jina la folda lenye nafasi ndani yake, kama vile "nyaraka za 2024", lazima liandikwe `nyaraka\040za\0402024`.

Machaguo ya `uid`, `gid`, `file_mode` na `dir_mode` huamua nani kwenye kompyuta hii anayeonekana kuwa mmiliki wa mafaili. Bila hayo kila kitu kingekuwa cha `root`, na mtumiaji wa kawaida angesoma bila kuweza kuandika. Kompyuta ikitumiwa na watu kadhaa, tengeneza kundi moja kwa amri ya `sudo groupadd ofisi`, uwaingize wote humo, na uweke namba ya kundi hilo kwenye `gid`. Chaguo la `iocharset=utf8` ni muhimu kwa ofisi ambazo majina ya mafaili yana herufi za Kifaransa au za Kiarabu, jambo la kila siku kwa wenzetu wa Kongo, Burundi na Omani; likikosekana, majina hayo yanaweza kuonekana kama alama za kuuliza.

Sasa kwenye kiini cha mwongozo. `_netdev` huiambia kompyuta kwamba hiki ni kitu cha mtandao, kisijaribiwe kabla mtandao haujaandaliwa, na kibanduliwe kabla mtandao haujazimwa. `nofail` huiruhusu kompyuta iendelee kuwaka hata hifadhi ikikosekana. Wengi huishia hapo, na mipangilio yao ndiyo iliyomponza karani wetu, kwa kuwa maana halisi ya machaguo hayo mawili ni: jaribu mara moja, ukishindwa nyamaza.

Kinachobadilisha hali ni `x-systemd.automount`. Kwa chaguo hili kompyuta haijaribu kuifikia hifadhi wakati wa kuwaka. Badala yake huweka mlinzi kwenye mlango wa `/mnt/nyaraka`, na mara ya kwanza programu yoyote inapogusa folda hiyo, mlinzi huisimamisha programu kwa muda, akaingia kwenye NAS kwa jina na nenosiri lililo katika faili la siri, akapachika, ndipo programu ikaruhusiwa kuendelea. Hifadhi ikiwa bado haijaamka, programu hupewa kosa badala ya folda tupu, na ikijaribu tena baada ya dakika tano, mlinzi naye hujaribu tena. Kompyuta yenyewe huwaka haraka, kwa sababu haimsubiri mtu. Chaguo la mwisho, `x-systemd.mount-timeout=30`, hupunguza muda wa kusubiri kutoka sekunde 90 za kawaida hadi 30, ili anayebofya folda asidhani kompyuta imeganda.

Lipo pia chaguo la `x-systemd.idle-timeout`, ambalo huibandua hifadhi isipotumika kwa muda fulani. Mimi huliweka kwenye kompyuta za mkononi tu, zile zinazobebwa kutoka ofisini kwenda nyumbani bila kuzimwa. Kwenye kompyuta za mezani sioni faida yake.

Hatua ya 7: Kukagua na kuanzisha

Kagua uandishi wako kabla ya kuthubutu kuizima kompyuta:

```
sudo findmnt --verify
sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl start mnt-nyaraka.automount
```

Amri ya kwanza husoma fstab na kuonyesha makosa. Ya pili huitaka systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, isome upya faili hilo, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Ya tatu humweka mlinzi mlangoni. Jina `mnt-nyaraka` linatokana na njia ya folda, mkwaju wa katikati ukigeuzwa kuwa kistari; kama njia yako ina vistari au alama nyingine, andika `systemd-escape -p --suffix=automount` ikifuatiwa na njia hiyo, nayo itakupa jina sahihi.

Sasa andika `ls /mnt/nyaraka`, kisha `findmnt /mnt/nyaraka`. Utaona mistari miwili, na usishtuke: mmoja wenye `systemd-1` na aina ya `autofs`, ambao ndiye mlinzi, na wa pili wenye anwani ya NAS na aina ya `cifs`, ambao ndio hifadhi yenyewe. Ukiona wa kwanza peke yake, mlango upo lakini hakuna aliyeingia.

Hatua ya 8: Igiza kukatika kwa umeme

Mipangilio ambayo haijajaribiwa kwa NAS iliyozimwa haijajaribiwa. Zima NAS kwa utaratibu wake, washa upya kompyuta, na uangalie mambo matatu: kompyuta ifike kwenye skrini ya kuingilia bila kuchelewa, `ls /mnt/nyaraka` irudishe kosa, kwa kawaida `No such device`, na jaribio la kuhifadhi faili humo likataliwe. Kisha washa NAS, usikilize diski zikianza kuzunguka, subiri taa yake itulie, na ufungue folda tena bila kuizima kompyuta. Mafaili yakitokea, kazi imefanyika.

Kuna hali moja ya kujihadhari nayo hapa. Programu ikiigonga folda mfululizo wakati hifadhi haipo, systemd inaweza kuchoka na kumwondoa mlinzi, ikiandika kwenye kumbukumbu zake `mount-start-limit-hit`. Tangu hapo folda haitajaribiwa tena hata NAS ikirudi, na ndipo kufuli letu la `chattr` linapofanya kazi yake kama kinga ya pili. Dawa ni hii:

```
sudo systemctl reset-failed
sudo systemctl restart mnt-nyaraka.automount
```

Likijirudia, tafuta programu inayogonga. Amri ya `journalctl -b -u mnt-nyaraka.automount` hutaja jina la programu iliyoamsha kila jaribio.

Wi-Fi inayosubiri mtu

Kwenye kompyuta inayotumia Wi-Fi, nenosiri la mtandao huo huenda limehifadhiwa kwa ajili ya mtumiaji mmoja tu, na muunganisho hauanzi mpaka mtumiaji huyo aingie. Kompyuta ya mapokezi inayotakiwa kuhifadhi nakala usiku bila mtu itakosa mtandao kabisa. Ufanye muunganisho uwe wa mfumo mzima, ukibadilisha jina `WifiOfisi` kwa lako:

```
sudo nmcli connection modify WifiOfisi connection.permissions "" wifi-sec.psk-flags 0
```

Huenda ukahitaji kuliandika nenosiri la Wi-Fi upya mara moja baada ya hapo. Hata hivyo, kama kebo inafika, tumia kebo.

Skripti za kunakili zisidanganywe

Watu wengi huhitaji hifadhi hii kwa ajili ya nakala za usiku, na wamezoea kuweka `mountpoint -q /mnt/nyaraka` mwanzoni mwa skripti ili kuhakikisha hifadhi ipo. Kwa mpangilio wetu jaribio hilo halitoshi, kwani mlinzi wa `autofs` naye huhesabiwa kuwa kitu kilichopachikwa, kwa hiyo jibu litakuwa "ndiyo" hata NAS ikiwa imezimwa. Njia ya uhakika ni kuweka kwenye NAS faili dogo la alama, na skripti ilitafute kabla ya kuanza:

```
[ -f /mnt/nyaraka/.alama-ya-nas ] || exit 1
```

Kulitafuta faili hilo humwamsha mlinzi, na lisipoonekana skripti husimama.

Vipi kuhusu NFS na Windows

NFS ni nyepesi na huelewana vizuri na Linux. Sakinisha `nfs-common`, chukua njia kamili ya folda kutoka kwenye NAS, na uandike mstari kama huu:

```
192.168.1.50:/volume1/nyaraka /mnt/nyaraka nfs _netdev,nofail,x-systemd.automount 0 0
```

Hakuna faili la siri, kwa sababu katika mpangilio wake wa kawaida NFS haiombi nenosiri. Huamini anwani ya kompyuta na namba ya mtumiaji. Kwa hiyo haifai kwenye mtandao ambao wageni nao huunganishwa. Tena, hifadhi ikizimika katikati ya kazi, NFS kwa kawaida huzishikilia programu zisubiri mpaka irudi, ilhali SMB huzirudishia kosa.

Kwenye Windows, fungua dirisha la amri la kawaida, si lile la msimamizi, kwa sababu kiendeshi kilichoungwa kwa haki za msimamizi hakionekani katika dirisha la mtumiaji wa kawaida. Kisha:

```
cmdkey /add:192.168.1.50 /user:ofisi1 /pass
net use N: \\192.168.1.50\nyaraka /persistent:yes
```

Ya kwanza itaomba nenosiri na kulihifadhi katika hazina ya Windows. Ya pili itaunga kiendeshi cha N na kukikumbuka. Asubuhi baada ya umeme kukatika unaweza kuona ujumbe kwamba viendeshi vya mtandao havikuunganishwa, pamoja na alama nyekundu ya X juu ya N. NAS ikishaamka, kubofya kiendeshi mara mbili kunatosha.

Siku ya kubadilisha nenosiri

Nenosiri la `ofisi1` likibadilishwa kwenye NAS, kompyuta haitajua, itaendelea kubisha kwa lile la zamani kila folda inapoguswa. NAS nyingi zina ulinzi unaofungia anwani yoyote inayokosea nenosiri mara kadhaa, na matokeo yake ni kompyuta kufungiwa kabisa, hata ukurasa wa mipangilio ya NAS usifunguke kutoka hapo. Kwa hiyo fuata mpangilio huu: simamisha mlinzi kwanza kwa `sudo systemctl stop mnt-nyaraka.automount`, badilisha nenosiri kwenye NAS, hariri `/etc/siri-nyaraka`, kisha umrudishe mlinzi kwa `start` na ufungue folda kuhakikisha. Ukikuta kompyuta imeshafungiwa, ingia kwenye NAS kutoka kompyuta nyingine, tafuta orodha ya anwani zilizozuiwa, na uiondoe humo.